Asilimia 100 Inayopungua

Kompyuta mpakato iliyonunuliwa mpya mwaka 2020 na kufanya kazi kila siku katika ofisi ya Dar es Salaam inaweza hadi leo kuandika asilimia 100 kwenye kona ya skrini ikichajiwa usiku kucha. Mwenye nayo akiichomoa, hiyo asilimia 100 inakwisha chini ya saa moja, ilhali zamani ilimfikisha alasiri. Namba haikubadilika. Kilichobadilika ni kitu kinachopimwa. Skrini haisemi betri ina umeme kiasi gani ukilinganisha na siku ilipotoka kiwandani. Inasema imejaa kiasi gani ukilinganisha na uwezo wake wa leo, na uwezo huo unapungua kila mwezi. Kuchakaa kwa betri kunajificha hivyo. Mtu anakuja kustuka wakati theluthi nzima imeshakwenda.

Takwimu za kweli zimo ndani ya mashine, ila lazima zitafutwe. Kwenye Windows unafungua dirisha la amri, unaandika powercfg /batteryreport, kisha unafungua faili linaloundwa. Humo kuna mistari miwili inayobeba habari yote: uwezo ambao betri iliundwa nao, na uwezo inaoweza kuubeba leo ikijaa kabisa, yote kwa kipimo cha miliwati-saa. Betri iliyoundwa kubeba 50,000 na ambayo leo inaishia 31,000 imebakiwa na asilimia 62 ya nguvu yake, hata kama skrini inaandika 100. Kompyuta za Apple zinaonyesha hali ya betri na idadi ya mizunguko kwenye taarifa za mfumo, na Linux huhifadhi namba hizohizo kwenye mafaili yake. Ripoti hiyo haigharimu chochote, na inashangaza jinsi wachache wanavyoijua, hata miongoni mwa wanaouza kompyuta.

Mazungumzo ya mitaani kuhusu betri karibu yote yanahusu kuchaji: uchomeke lini, uchomoe lini, uiache usiku au usiiache. Nyuma yake kuna imani kwamba betri inakufa kwa kutumika. Imani hiyo ni nusu ya ukweli. Ni kweli kila mzunguko unaacha alama yake, na mzunguko mmoja ni kutumia jumla ya asilimia 100, hata kama ni 50 leo na 50 kesho. Betri nyingi za kompyuta zilikuwa zikihesabiwa kudumu mizunguko 300 hadi 500 kabla ya kushuka chini ya asilimia 80. Apple inasema za MacBook za siku hizi zimeundwa kufikia 1,000. Lakini betri ya lithiamu inazeeka pia ikiwa imelala kabatini bila kuguswa na mtu. Inazeeka tangu siku inapofungwa kiwandani. Katika nchi zenye joto, kwa namna watu wengi wanavyotumia kompyuta zao, uzee huu wa pili ndio unaoua betri nyingi, nao ndio unaozungumzwa kidogo.

Ili kuona kwa nini, inabidi kuingia ndani ya seli. Upande hasi ni grafiti, madini ambayo Tanzania inayaita kinywe na ambayo yamelala kwa wingi kwenye milima ya Mahenge, wilayani Ulanga. Upande chanya, katika betri nyingi za kompyuta mpakato, una oksidi ya lithiamu na kobalti. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, hasa ukanda wa Kolwezi, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya mgodini. Betri inapochajiwa, ayoni za lithiamu zinahama kutoka upande wa kobalti na kujipenyeza kati ya matabaka ya grafiti; inapotumika, zinarudi. Hakuna kinachoungua. Ni kuhama na kurudi tu, na kama safari hiyo ingekuwa safi kabisa, betri ingedumu kuliko mwenye nayo.

Safari si safi. Kati ya pande hizo mbili kuna elektroliti, kimiminika kinachozipitisha ayoni, na kimiminika hicho hakiwezi kuhimili kugusana na grafiti iliyojaa lithiamu. Tangu kuchajiwa kwa mara ya kwanza kinavunjika pale kinapoigusa na kuacha utando mwembamba sana juu yake. Utando huo ni wa lazima. Bila huo elektroliti ingeendelea kuvunjika hadi iishe. Lakini umejengwa kwa lithiamu ileile ya betri, na lithiamu ikishaingia kwenye utando hairudi kazini. Ni ukoko chini ya sufuria: ni wali uleule uliopimwa na kupikwa, ila hautapakuliwa. Utando unaendelea kunenepa polepole miaka yote, na kila unaponenepa kidogo, uwezo unashuka kidogo. Kuchaji na kutumia kunauongezea kasi, kwa sababu grafiti inavimba kwa takriban asilimia 10 inapomeza lithiamu na kunywea inapoitoa. Utando unapata nyufa, na kwenye kila ufa utando mpya unajengwa. Ndiyo maana kutumia betri kutoka 70 hadi 40 na kuirudisha kunaichosha kidogo kuliko kuishusha kutoka 100 hadi 5, hata umeme uliotumika kwa jumla ukiwa sawa.

Mambo mawili yanaharakisha maradhi haya kuliko mengine yote: joto, na kukaa ikiwa imejaa. Joto linaharakisha mmenyuko wowote wa kikemia. Kanuni ya kukadiria inayotumika sana ni kwamba kasi inakaribia kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10. Kujaa kunamaanisha seli iko kwenye volti yake ya juu kabisa, 4.2 au zaidi kidogo kwa seli za siku hizi, ambapo grafiti ina njaa kubwa ya kuivunja elektroliti na upande wa kobalti nao unaanza kuishambulia kutoka ng'ambo. Betri ambayo imejaa na ina joto inashambuliwa kutoka pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Kuna jedwali linalonukuliwa sana la Battery University, mradi wa elimu wa Isidor Buchmann, mwanzilishi wa kampuni ya Cadex ya Kanada. Linakadiria uwezo unaobaki baada ya mwaka mmoja wa kukaa tu, bila kazi. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, betri iliyohifadhiwa na chaji asilimia 40 inabaki na asilimia 96 ya uwezo wake. Iliyohifadhiwa imejaa inabaki na 80. Kwenye nyuzi 40, ya kwanza inabaki na 85, ya pili na 65. Kwenye nyuzi 60, ile yenye chaji kidogo inafikia 75 kwa mwaka, na iliyojaa inashuka hadi 60 kwa miezi 3 tu. Seli hutofautiana, na namba hizi ni za kukadiria, lakini mwelekeo wake haubishaniwi na mtu yeyote katika fani hii. Zisome tena ukikumbuka kwamba betri hizo hazikuwasha hata taa. Asilimia 35 imepotea kwa kukaa.

Sasa weka betri kama hiyo ndani ya kompyuta iliyoko Dar es Salaam, Tanga au Mombasa. Kuanzia Januari hadi Machi joto la mchana linapita nyuzi 30 kivulini, na usiku haliteremki sana. Ndani ya mashine, kichakataji kinachofanya kazi nzito kinafika nyuzi 80 au 90, na betri imelazwa sentimita chache kutoka hapo. Kufikia nyuzi 40 hakuhitaji uzembe wowote. Ni siku ya kawaida ya kazi. Uzembe unaongeza juu ya hapo: kompyuta iliyowekwa juu ya godoro hadi matundu ya hewa yakaziba, feni iliyojaa vumbi isiyosafishwa tangu kununuliwa, begi lililoachwa ndani ya gari juani. Kompyuta ileile, kwa mtu mwenye mazoea yaleyale, ingeishi muda mrefu zaidi kwenye baridi ya Njombe kuliko kwenye joto la Tanga, na tofauti hiyo haitokani na bidii ya mtu.

Hapa ndipo biashara ya kompyuta zilizotumika inapopaswa kuangaliwa upya. Nyingi kati ya kompyuta mpakato zinazouzwa Kariakoo, au Luthuli Avenue pale Nairobi, zilikuwa za ofisi za Ulaya, Marekani au Ghuba. Zilikaa mezani miaka mitatu au minne zikiwa zimechomekwa kwenye umeme mchana kutwa, chaji 100, huku zikipashwa moto na kazi, kisha zikarudishwa na kuuzwa kwa jumla. Muuzaji makini anayejua kuangalia mizunguko anamwonyesha mteja kwa nia njema: mizunguko 60 tu, betri karibu mpya. Lakini mizunguko michache kwa mashine ya namna hiyo ni ushahidi wa maisha yaliyotumika ikiwa imejaa na ina joto. Namba ya mizunguko inahesabu kazi, haihesabu muda. Inawezekana kabisa mashine yenye mizunguko 60 ikawa imebakiwa na uwezo mdogo kuliko yenye 300 ambayo mwanafunzi aliibeba, akaitumia, na mara chache akaijaza hadi juu. Mnunuzi anayetaka ukweli aombe ripoti ya uwezo ifunguliwe mbele yake, alinganishe ile mistari miwili, na bei ijadiliwe baada ya hapo.

Tiba ya kukaa imejaa ipo na ni rahisi: kuizuia kompyuta isichaji kupita asilimia 80, au hata 60 kwa mashine isiyoondoka mezani. Lenovo wanaiweka ndani ya programu yao ya Vantage, ASUS ndani ya MyASUS, Dell na HP kwenye mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Apple waliingiza mwaka 2020 mfumo unaosimamia afya ya betri ya MacBook wenyewe bila kuombwa. Mashine isiyo na mpangilio huo inahitaji mkono wa mtu kuchomoa, jambo ambalo halidumu kwa mtu yeyote mwenye kazi zake.

Lakini ushauri huu, unaotolewa kirahisi katika nchi ambazo umeme haukatiki, kwetu unagongana na hali halisi. Mgao wa umeme wa mwaka 2022 na 2023 uliwafundisha watu wa Tanzania kuweka kila kitu kwenye 100 muda wote, kwa sababu hujui saa ngapi giza litaingia. Mwandishi mwenye tarehe ya kukabidhi kazi, mhasibu anayefunga hesabu za mwezi, mwanafunzi wa chuo usiku wa kuamkia mtihani, wote hawa kompyuta kwao ni akiba ya umeme, na akiba ya asilimia 80 ni akiba pungufu. Siwezi kumwambia mtu huyo amekosea. Hesabu yake ni ya leo, na leo ina uzito. Ila hesabu ya miaka mitatu nayo ifanyike: betri ya saa 4 iliyozuiwa kwenye 80 inatoa saa 3 na dakika 12, na inaweza kuendelea kutoa kiasi kinachokaribia hapo kwa muda mrefu; ileile ikiwekwa 100 kwenye joto la pwani inaweza baada ya miaka miwili au mitatu kutoa saa 2 na nusu ikiwa imejaa kabisa. Anayejaza kila siku kwa hofu ya giza anamaliza akiba yake kwa njia nyingine. Njia ya kati ninayoiona ina mantiki ni kuacha kizuizi cha 80 kama hali ya kawaida na kukiondoa siku ambayo kukatika kwa umeme kumetangazwa, au usiku wa kuamkia safari. Saa chache kwenye 100 hazidhuru. Miezi kwenye 100 ndiyo inayodhuru.

Kuna mazoea mengine ambayo hayana utetezi huo. Muuzaji anapokwambia uchaji saa 8 mfululizo kabla ya kuwasha mara ya kwanza, na uiache iishe kabisa kila mara ndipo uchaji, anakupa ushauri wa betri za nikeli na kadmiamu, ambazo kweli zilipoteza uwezo zikichajiwa nusunusu. Zilikwisha kwenye kompyuta zamani. Sony ilianza kuuza betri za lithiamu mwaka 1991, zikijengwa juu ya kazi ya Stanley Whittingham, ya John Goodenough aliyeonyesha mwaka 1980 akiwa Oxford kwamba oksidi ya kobalti inafaa, na ya Akira Yoshino aliyeunda mfano wa kwanza salama Japani mwaka 1985. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Ushauri wa madukani haujafuata mabadiliko hayo. Kuishusha betri ya lithiamu hadi ikate kila siku kunaizeesha bila faida yoyote. Kuna sababu moja tu halali ya kuishusha hadi chini mara moja moja, labda kila baada ya miezi michache: kirekodi cha chaji ndani ya betri kinapoteza hesabu taratibu, na kushuka hadi chini kisha kujaa kunakirekebisha. Kinachopona hapo ni hesabu. Betri yenyewe inabaki vilevile.

Kufikia sifuri na kuachwa hapo ni hatari zaidi. Hili linaonekana kwenye shule zilizopata kompyuta mpakato za msaada. Mitihani ya Novemba inakwisha, mashine zinafungiwa kwenye chumba chenye paa la bati zikiwa zimeishiwa chaji, na mlango unafunguliwa tena Januari. Kwa wiki hizo betri imeendelea kuvuja kidogo kidogo, na sakiti ya ulinzi nayo imekula chake. Seli ikiteremka sana, shaba inayokusanya umeme upande hasi inaanza kuyeyuka ndani ya elektroliti, na ikichajiwa tena shaba hiyo inaweza kuganda mahali pasipo pake na kuunganisha pande mbili. Kwa sababu hiyo sakiti ya ulinzi inakataa kuchaji kabisa, na mwalimu anaona mashine iliyokuwa nzima sasa haiwaki bila chaja. Fundi anayejaribu kuishtua kwa umeme wa pembeni anaipita kinga ambayo iliwekwa kwa sababu nzuri. Kuziweka kwenye nusu ya chaji, kuzizima kabisa na kuzihifadhi chumba chenye hewa kungeziokoa, na hiyo ni kazi ya alasiri moja kabla ya likizo.

Kushuka kwa uwezo hakuendi kwa mstari ulionyooka hadi mwisho. Kwa miaka kadhaa betri inapoteza kidogo kidogo, mtu anazoea, kisha ndani ya miezi michache inaporomoka. Utando umenenepa, ayoni zinapita kwa shida, na ukinzani wa ndani umepanda. Dalili yake inajulikana na wengi: kompyuta inazima ghafla ikiwa bado inaonyesha asilimia 20 au 30. Umeme umo, lakini kazi nzito inapouomba kwa pamoja volti inaanguka chini ya kiwango, na mashine inakata. Betri ikifika hapo, mipangilio yote niliyoitaja haina msaada. Ulikuwa msaada wa miaka iliyopita.

Na ikianza kuvimba, mjadala wa kuitunza umekwisha. Elektroliti iliyovunjika inaacha gesi. Betri bapa za siku hizi zimefungwa kwenye mfuko laini, kwa hiyo mfuko unatuna. Kipadi cha kugusa kinainuka au kuwa kigumu kubonyeza, kifuniko cha chini kinaachana, kompyuta haitulii mezani. Zima, usichaji tena, mpelekee fundi aitoe. Usiitoboe kutoa gesi, kama wengine wanavyofanya. Seli iliyotobolewa inaweza kuwaka papo hapo. Mwaka 2006 Dell ililazimika kuziita zirudishwe betri milioni 4.1 zilizotengenezwa na Sony kwa sababu ya hatari ya moto, na hizo zilikuwa mpya, zenye maganda ya chuma. Betri mbovu zinazotupwa na takataka za nyumbani huishia kwenye madampo kama Pugu Kinyamwezi, zikipondwa pamoja na kila kitu kingine, zikiwa na kobalti ambayo mtu aliitoa ardhini Kolwezi kwa jasho na mara nyingi kwa hatari ya maisha. Naliona hili kuwa baya kuliko hasara ya mwenye kompyuta.

Kubadilisha ndiyo njia iliyobaki, nayo imefanywa ngumu. Zamani betri ilichomolewa kwa vidole viwili. Ndani yake mlikuwa na seli za duara zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Leo imefungiwa ndani kwa skrubu na mara nyingi gundi. Betri za kubadilisha za modeli ya miaka sita iliyopita, hata zikiwa halisi, zimekaa ghalani zikizeeka kwa kanuni zilezile, kwa hiyo tarehe ya kutengenezwa iliyoandikwa juu yake ina maana kuliko neno "mpya" kwenye boksi. Za kuiga zinaandikwa uwezo wowote ambao mwandishi wa lebo ameupenda, na ni ripoti ya mashine tu, baada ya kuifunga, inayoweza kuonyesha zina nini.

Umoja wa Ulaya umepitisha sheria namba 2023/1542, ambayo kuanzia tarehe 18 Februari 2027 inataka betri za vifaa vya kubebeka, isipokuwa vichache, ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe, na vipuri vyake viendelee kupatikana kwa angalau miaka 5 baada ya kifaa cha mwisho cha modeli hiyo kuingizwa sokoni. Haikuandikwa kwa ajili ya Kariakoo. Lakini kompyuta zitakazouzwa huko chini ya sheria hiyo zitamaliza zamu zao za ofisini karibu mwaka 2030 na kuanza kufika kwetu, zikiwa na betri zilizochoka na, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, zinazotoka bila kuvunja kitu.